Kabla ya Banana na Lobito, tutengeneze gati zetu na barabara ya Ngomo

Viongozi wetu wakisimama kuzungumzia biashara, masikio yetu hujazwa majina ya mbali. Kuna Banana, kule mto Kongo unapoingia baharini, ambako jiwe la msingi la bandari ya maji marefu liliwekwa mwezi wa kwanza mwaka 2022. Kuna Lobito, kule Angola, ambako reli inayotoka upande wa Kolwezi inafika bahari ya Atlantiki. Na sasa kuna reli mpya ya Tanzania, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mwezi wa nane mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ni miradi mikubwa na hakuna mtu wa akili anayeikataa. Lakini mama anayenunua kilo ya sukari katika soko la Kadutu ana swali moja tu: hayo yote yatanishushia bei lini?

Mimi nasema hayatamshushia kitu kama hatutatengeneza sehemu ndogo zilizo hapa kwetu: gati za ziwa Kivu, mlima wa Ngomo na bandari ya Kalundu. Hizo ndizo sehemu ambako mzigo unashuka katika chombo kimoja na kupanda kingine, na hapo ndipo pesa yetu inapotelea. Wakati mwingine hata maisha ya watu wetu yanapotelea hapo.

Tuchukue mfuko mmoja wa simenti ulioletwa kwa reli hadi Kigoma, na mwenyewe anajenga nyumba kisiwani Idjwi. Kigoma mfuko unashushwa katika behewa, unapakiwa katika meli. Kalundu, pale Uvira, unashushwa katika meli, unapakiwa katika kamio. Bukavu unashushwa depo. Kesho yake unapakiwa katika mtumbwi wa mota, na Idjwi unashushwa tena. Tangu Kigoma umeinuliwa mara saba. Kila mara kuna mtu wa kulipwa, kuna mifuko inayopasuka, kuna mvua inayolowesha, kuna siku zinazopotea zikingoja, na kuna karatasi mpya ya kupigwa muhuri. Anayelipa yote ni yule wa mwisho, mwenye nyumba.

Dunia iliona shida hii zamani. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makasha 58 ya chuma katika meli moja kutoka Newark hadi Houston. Meli yake haikuwa na mbio kuliko nyingine. Faida ilikuwa kwamba mzigo ulikaa ndani ya kasha lake kutoka kamio hadi meli na kutoka meli hadi kamio, bila kuguswa na mkono. Kontena ilishusha bei ya usafirishaji kwa sababu iliondoa kazi ya kufungua na kufunga kila penye gati. Sisi bado tunaifanya kazi hiyo kwa migongo ya vijana wetu.

Njia ya kwenda bahari ya Hindi si ngeni kwetu. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ikafika Kalemie mwaka uliofuata. Mwaka 1921 Wabelgiji walikubaliana na Waingereza kupata sehemu zao za bandari Dar es Salaam na Kigoma, zilizojulikana kama Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kuzungushwa. Karibu na mwaka 1930 wakajenga hata reli ndogo kutoka Kalundu kupanda bonde la Ruzizi. Reli hiyo ilikwama Kamanyola, chini ya mlima, na ikafungwa kabla ya uhuru. Ziwa Kivu liko karibu mita 700 juu ya ziwa Tanganyika, na mto Ruzizi unaoyaunganisha umejaa maporomoko. Ni mto wa umeme, haupitishi meli. Kwa hiyo mzigo wa kutoka Kalundu lazima upande mlima kwa magurudumu, na mlima wenyewe ni Ngomo.

Wanaopita barabara ya taifa namba 5 hawahitaji kuelezwa Ngomo ni nini. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Kamio ikiharibika katikati, kila kitu kinasimama nyuma yake. Mvua ikinyesha, udongo unashuka. Ndiyo maana wasafiri wengi wa Uvira huvuka mpaka hapa Ruzizi, wakapita Rwanda hadi Bugarama, kisha wakarudi Kongo pale Kamanyola. Yaani ili kutoka mji mkuu wa jimbo hadi mji wa pili wa jimbo lilelile, unavuka mipaka mara mbili. Tukifika Dar es Salaam kwa treni ya umeme na bado tunashindwa kufika Uvira kwa barabara yetu, tumefanya nini?

Kalundu nayo inajua shida yake. Hii ndiyo mlango wa Kivu ya Kusini kwa Kigoma, kwa Kalemie na hata kwa Mpulungu kule Zambia. Lakini miaka hii ziwa Tanganyika limepanda. Wakaaji wa Uvira waliona maji yakiingia majumbani, na bandari pia iliingiwa na maji. Gati iliyojengwa kwa kipimo cha maji ya zamani haiwezi kupokea mizigo ya leo. Inahitaji kuinuliwa, kupewa mitambo ya kunyanyua vitu vizito, na hangari ambamo unga na simenti vitalala bila kuloa. Tanzania ilisaini mwaka 2022 mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma. Siku treni hiyo itakapofika, mizigo itakuwa ng'ambo ya ziwa ikitutazama. Kama Kalundu haiko tayari, itakwenda kwa wengine walio tayari, na sisi tutainunua kwao kwa bei yao.

Sasa turudi kwenye ziwa letu la Kivu, kwa sababu hapa hatuzungumzii bei tu.

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma. Ilikuwa imetoka Minova, imebeba watu na mizigo kupita kipimo. Watu walioko pwani waliiona ikipinduka. Makumi walikufa. Siku zilizofuata, viongozi wenyewe walitoa hesabu zisizofanana za waliokufa na waliopotea. Na kama watu wanapanda bila kuandikwa wote katika kitabu, nani atajua wangapi hawakurudi?

Tukumbuke kwa nini watu wengi hivyo walikuwa majini. Tangu mwezi wa pili mwaka huo vita na waasi wa M23 ilikata barabara ya Minova kwenda Goma kwa njia ya Sake. Maharagi, viazi, ndizi na mboga za Kalehe na Masisi, vyote vikahamia ziwani pamoja na wenyewe. Mzigo uliokuwa wa makamio ukamwagwa juu ya mitumbwi na maboti katika siku chache. Lakini gati zilibaki zilezile: hakuna mizani, hakuna hangari, hakuna mahali pa kutenganisha abiria na magunia. Barabara ilipofungwa tuliiomba bandari ifanye kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa nne mwaka 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akafika mwenyewe kufariji familia, na ikatangazwa kwamba majile ya uokoaji ni lazima kwa kila abiria. Wenzetu wa Tanzania waliyaona hayohayo ziwa Victoria, kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, kila mara mamia ya watu. Jile ni jambo zuri. Lakini jile ni la kumsaidia mtu chombo kikiisha kuzama. Kinachozuia chombo kisizame ni mizani kwenye gati, na mtu mwenye uwezo wa kusema: leo hakiondoki.

Najua jibu ambalo wengi watanipa. Watasema: kwanza amani, bandari baadaye. Naelewa uchovu huo, sote tunao. Lakini mizani haingoji amani. Kitabu cha majina ya abiria hakingoji amani. Tena vita ndiyo imeonyesha kwamba mkoa wenye njia moja tu ni mkoa unaoweza kufungwa koo siku yoyote. Barabara ikikatwa, ziwa libebe. Ziwa likichafuka, barabara ibebe. Ndiyo maana ya kuunganisha njia: moja ikianguka, nyingine isimamishe maisha ya watu.

Wengine watauliza juu ya vijana wabebaji mizigo wa Bichi Muhanzi na wa gati nyingine. Mashine zikija, watakula nini? Ni swali la haki, nalo lazima lijibiwe kabla ya winchi ya kwanza kufungwa. Mimi naona bandari inayopitisha mizigo mingi inahitaji watu wengi wa kupima, kuandika, kulinda hangari, kuendesha mikokoteni na kutengeneza mitambo. Vijana hao waandikwe kwanza, wafundishwe kwanza, kabla ya kuajiri mtu mwingine. Mgongo wa mtu una mwisho. Kijana aliyebeba magunia tangu ana miaka 15 hawezi kuyabeba akiwa na miaka 45.

Kuhusu pesa, tusidanganyane kwamba hakuna. Kila lita ya mafuta inayouzwa ina makato ya FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na makamio yanalipa peaji. Kila mzigo unaopita gatini na mpakani unalipa. Wananchi wana haki ya kuuliza kiasi gani kimekusanywa katika jimbo letu na kiasi gani kimerudi Ngomo. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani, katika ofisi ya jimbo na penye peaji, kwa lugha tunayosoma.

Ng'ambo ya ziwa letu hilihili, jirani zetu Rwanda wamekuwa wakijenga gati za kisasa Rubavu na Rusizi. Kutoka Bukavu hata hatuhitaji pasi kuona Rusizi, tunainua macho tu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tuliambiwa soko limefunguka. Lakini soko lililofunguka halimngojei mtu. Anayepakia kwa saa moja atamshinda anayepakia kwa siku moja, hata kama maharagi ya huyu wa pili ni matamu zaidi.

Kwa hiyo ninachoomba kwa serikali ya jimbo, kwa wabunge wetu na kwa SNCC inayohusika na bandari hizi si ndoto ya miaka 20. Katika miezi inayokuja, mizani na kitabu cha abiria viwekwe katika kila gati kubwa ya ziwa Kivu: Bukavu, Minova, Kalehe, Idjwi. Abiria na mizigo mizito wasipande chombo kimoja bila mpaka kati yao. Ofisi zote zinazotoza zikae chumba kimoja, karatasi moja, malipo moja. Kisha Ngomo ipanuliwe katika zile kona ambazo makamio mawili hayapishani, na Kalundu iinuliwe juu ya maji. Mashirika ya raia yaulize kila mwezi kazi imefika wapi.

Banana na ijengwe. Reli ya Dar na ifike Kigoma. Lakini mama wa Minova atapanda boti tena kesho asubuhi na magunia yake, na kesho hiyo haitangoja reli. Gati atakayopandia iwe na mtu wa kupima mzigo na kuandika jina lake.