Rangi ya Ngozi ni Rangi Gani?

Aghalabu husikika miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili dai kwamba lugha hii ni fukara wa rangi. Wanaoshikilia dai hili hutaja vivumishi vitatu tu vinavyochukua upatanisho wa ngeli bila kutegemea a-unganifu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, kisha wakahitimisha kwamba majina mengine yote ni ya kuazima au ya kubandika. Aidha, huwataja Brent Berlin na Paul Kay, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1969 walizipanga lugha kwa hatua kulingana na maneno yao ya msingi ya rangi. Kwa maoni yangu, dai hili hutolewa na watu ambao hawajawahi kushika brashi huku wakiwaza kwa Kiswahili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hivi majuzi niliijaribu seti mpya ya rangi za akriliki zilizokusudiwa visanamu vya urefu wa takriban milimita 28, ambavyo hupendwa na wachezaji wa michezo ya mezani. Nia yangu ilikuwa kuwavisha rangi wahusika wa jukwaa dogo la maonyesho nitakalolitumia kuielezea tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka huo huo wa 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907.

Kama rangi, seti hiyo haina lawama kubwa. Akriliki ni chembe za rangi ndani ya utomvu wa plastiki uliotawanywa katika maji. Maji yakishakauka, chembe hushikamana na haziyeyuki tena kwa maji. Kwa hiyo brashi sharti ioshwe mapema. Nilipaka andakoti ya kijivu, kisha nikazimua kila rangi kwa maji kidogo, kwa kuwa tabaka mbili nyepesi huhifadhi mikunjo ya nguo na sura ya uso kuliko tabaka moja nzito. Nyekundu ilifunika vyema kwa tabaka mbili. Manjano, kama ilivyo desturi yake, ilidai nne, na ingekuwa nafuu kuitandikia nyeupe kwanza.

Tatizo lilizuka katika kichupa kilichoandikwa, kwa Kiingereza, kwamba ni rangi ya ngozi. Ndani yake mlikuwa na waridi iliyopauka. Je, ni ngozi ya nani hiyo? Hakika si ya wakulima wa kusini mwa Tanganyika walioinuka dhidi ya Wajerumani. Swali hili si geni. Nchini Marekani, kampuni ya Crayola ililibadilisha jina la aina hiyo katika kalamu zake za nta mwaka 1962, ikaiita kwa jina la tunda la pichi. Ni bayana basi kwamba jina lililo kwenye kichupa si maelezo tu. Ni mahali alipo aliyelitoa.

Ilinibidi nichanganye mwenyewe, na hapo ndipo Kiswahili kilipojitokeza kuwa fundi. Sisi hatusemi ngozi kana kwamba ni moja. Tunasema huyu ni mweusi, yule ni maji ya kunde. Kahawia iliyokolea, manjano kidogo na tone la nyekundu vilinipa maji ya kunde niliyoitaka. Kwenye vivuli niliongeza damu ya mzee. Penye mwanga nilitia rangi ya chungwa badala ya nyeupe, maana nyeupe huifanya ngozi nyeusi ipauke kama iliyopakwa majivu. Kila hatua ilikuwa na jina, na kila jina lilinionyesha kitu: kahawa, bizari, damu, chungwa, jivu.

Wapo watakaosema kwamba kuita rangi kwa jina la kitu ni udhaifu. La hasha! Kiingereza nacho huiita rangi ya chungwa kwa jina la tunda. Wengine watalalamika kwamba vijana husema bluu na pinki. Sioni kosa. Samawati na urujuani pia zilitufikia kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayezidai pasipoti. Andakoti nayo tumeipata kwa mafundi wa rangi, si kwa kamati ya istilahi. Lugha haiwi maskini kwa kukopa. Huwa maskini kwa kukaa bila kazi.

Fauka ya hayo, katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi pamoja na ile ya lugha ya taifa. Hadhi hiyo itakuwa ganda tupu iwapo tutakitumia kuandika tasnifu kuhusu Kiswahili tu, huku maelezo ya kazi za mikono, tangu useremala hadi upakaji wa visanamu, tukiyasoma kwa lugha nyingine. Napendekeza kila mwanachama aeleze kimaandishi kazi moja aifanyayo kwa mikono yake, hatua kwa hatua, akiyatumia maneno ya wanaoifanya. Pale atakapokwama, aende kwa fundi kabla ya kwenda kwenye kamusi.

Vichupa vyangu sasa vina karatasi mpya. Kile cha waridi iliyopauka nimekiandika rangi ya waridi, kwa sababu ndivyo kilivyo.