UJI WA MTOTO

Wako watu wadhanio ya kuwa kuchanganya vyakula ni kazi isiyohitaji akili: tia hiki, tia kile, koroga. Lakini tazama uji. Ukimwaga unga mkavu katika maji yachemkayo utapata mabonge, kwa kuwa unga uguswao na maji ya moto hunata upesi, na maji hayapenyi tena ndani. Lipasue bonge, utaona unga mkavu katikati, tena mbichi. Basi unga na uvurugwe kwanza katika maji baridi hata uwe laini, ndipo umiminwe polepole katika maji ya moto, na mwiko usisimame.

Mchanganyo ulio na faida kubwa zaidi ni ule wa mahindi na maharagwe. Mwaka 1933 Dr. Cicely Williams, daktari katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubanduka ngozi. Walikuwa wamelishwa mahindi karibu matupu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aondolewaye ziwani mwenziwe azaliwapo.

Protini ya mahindi imepungukiwa na laisini, ambayo maharagwe yanayo tele. Nayo maharagwe yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Wazee wetu waliopika githeri, isyo na nyoyo hawakuyajua majina hayo, lakini walikula vema. Siku hizi makarani wengine huidharau githeri, wakapenda mkate mweupe na chai. Hiari yao, mtoto hana hiari.

Kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kutafuna githeri, loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe sana hata yalainike kabisa, maana maharagwe yasiyoiva hudhuru tumbo. Yaponde, uondoe maganda kwa chujio, ukoroge katika uji. Kipimo kimoja cha maharagwe makavu chatosha kwa viwili vya unga. Aanze atimizapo miezi sita, wala asiachishwe ziwa kwa ajili hiyo.

Siwasifu wale wapelekao mashineni mahindi, wimbi, karanga na dagaa katika gunia moja. Kilicho na ukungu kikisagwa pamoja na vingine hakionekani tena. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 katika Ukambani na sehemu za jirani, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Chambua kila namna peke yake kabla ya kusaga, na mahindi yenye ukungu usimpe hata ng'ombe wa maziwa, kwani sumu yake hupita katika maziwa.