Njia ya Jebel Haitunzwi kwa Tisheti

Jumamosi moja mwezi wa pili tulipanda Jebel Kujur tukiwa kundi kubwa. Shirika moja lilituita, vijana wakimbizi na vijana wenyeji, tufanye usafi wa mlima. Tulipewa tisheti, glavu na soda moja moja. Tuliokota chupa za plastiki mpaka saa tano, tukapigwa picha na magunia yetu, tukarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye wachache wetu tulipanda tena kivyetu. Chupa zilikuwa zimerudi palepale.

Hatuandiki haya kuwasema vibaya waliotuita. Soda tulikunywa na siku ilikuwa nzuri. Tunaandika kwa sababu siku ile ilitufundisha kitu: kutunza njia ni kazi, na kazi haifanywi siku moja kwa mwaka.

Mtu wa Juba anaijua Jebel, ule mlima wa mawe upande wa magharibi wa mji. Ukifika juu unaona mabati yote ya Juba na Mto Nile nyuma yake. Wikendi asubuhi, hasa kiangazi, utakuta makawaja wa mashirika na viatu vyao vya mlimani, vijana wa mazoezi, na wanafunzi wanaotafuta selfi. Hakuna kibao wala mtu wa kuuliza. Kila mmoja anajitafutia pa kupita, ndiyo maana njia moja imekuwa njia kumi. Mvua zikianza mwezi wa nne, maji yanafuata kila njia mpya na kuichimba mtaro.

Kwa wengine njia ni njia tu. Kwa sisi tuliokulia kwenye nchi za vita, njia ni usalama. Julai 2016 vita vilipiganwa upande huuhuu wa Jebel. Sisi tumefundishwa tangu wadogo: chuma usichokijua usikiguse, usikisogelee, toa taarifa. Lakini yule mwanafunzi anayekata kona kutafuta picha nzuri, nani yuko pale kumwambia?

Tena mlima una wenyewe. Kujur kwa Kiarabu cha hapa ni mtu wa mizimu na matambiko, na Wabari wana jina lao la mlima huu na heshima yao kwake. Huko chini wanakaa akina mama na watoto wakivunja mawe kuwa kokoto za kuuza. Wageni wanapita wanawapiga picha kama vile wanapiga picha miti. Angekuwepo mtu wa njia, angewaambia: msalimie mama kwanza, omba ruhusa, na ujue kwamba Juba kamera inaweza kukuletea shida na askari.

Mtu wa njia si ndoto yetu tu. Marekani kuna njia ya miguu inayoitwa Appalachian Trail, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, iliyokamilika mwaka 1937. Sehemu kubwa ya matengenezo yake hufanywa na watu wanaojitolea. Lakini wapo pia wanaoajiriwa kwa msimu, miezi ile ya watembeaji wengi. Kazi yao ni kutembea njiani kila siku na kuongea na watu: lala hapa, usiwashe moto pale, taka zako rudi nazo. Wanaokota, wanaangalia pameharibika wapi, wanatoa taarifa. Wanalipwa, kwa sababu huwezi kumwambia mtu akae mlimani miezi mitano kwa moyo mwema peke yake.

Na tusiseme hayo ni ya Wazungu. Wale wetu waliotoka upande wa Beni wanaijua Rwenzori tangu utoto. Upande wa Uganda, Wakonzo walianzisha Rwenzori Mountaineering Services mwaka 1987, na vijana wa vijiji vya chini ndio wanaoongoza wageni na kubeba mizigo. Kwenye matope ya Bigo zimewekwa njia za mbao ili watu wasikanyage kila mahali. Kilimanjaro nako mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na unapimwa. Yaani huko wameshakubali kwamba mlima una wafanyakazi, na mfanyakazi ana haki zake.

Hapa kwetu mambo ni kinyume. Mwenzetu mmoja alikuwa hakosi Jumamosi zetu. Siku hizi haji. Tulimkuta chini ya mlima na nyundo, anavunja kokoto na mama yake. Alituambia, "Ndugu zangu, lori likija linalipa. Nyinyi mnanipa nini?" Hatukuwa na jibu. Jebel inamlipa anayeivunja, haimlipi anayeitunza. Na hatuwezi kumlaumu, wala kumwambia mama yake aache, kama hatuna kitu kingine cha kumpa.

Tunajua mtakachosema. Kwanza: watu wana njaa, nyinyi mnaongelea njia ya kupanda mlima? Ndiyo, kwa sababu anayelipwa kutunza njia ananunua unga kama mtu mwingine yeyote. Pili: wakimbizi watachukua kazi za wenyeji. Ndiyo maana hatuombi kazi ya wakimbizi peke yao.

Ombi letu kwa ndugu zetu wa mashirika ni hili. Chukueni bajeti ya tisheti, mabango na mpiga picha, muigeuze kuwa msimu mmoja wa kazi. Watu sita, watatu wakimbizi na watatu wenyeji. Jumamosi na Jumapili, Desemba mpaka Machi, na siku chache Aprili kuziba mitaro mvua zikianza. Kabla ya yote, wazee wa pale chini waulizwe na wakubali. Vifaa ni majembe, magunia, sanduku la huduma ya kwanza na rangi nyeupe ya kuweka alama kwenye mawe. Malipo yajulikane kabla ya kazi kuanza na yaitwe mshahara. Insentivu tumezizoea kambini, tunajua zinavyofanya kazi ya mtu mzima ionekane kama mchezo wa mtoto. Sheria ya Wakimbizi ya 2012 ya nchi hii inaturuhusu kutafuta kazi. Basi tunaitafuta.

Na sisi vijana tusikae kungoja. Jumamosi ijayo saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa chini ya Jebel. Tutaanza kwa kuchagua njia moja kati ya zile kumi na kuziba nyingine kwa mawe. Njoo na maji yako, na chupa urudi nayo.