BEKI WA BEI GHALI: NI UKUTA AU NI DENI?

Atakaye kujua uzito wa neno "beki", na aje Membley siku ya Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Mtaa huu uko Ruiru, kando ya barabara kuu ya Thika, na jina lake limekaribiana na lile la uwanja wa Wembley wa London, hata vijana wa hapa hufanya mzaha kwamba wao wamezaliwa jirani na fainali. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekuja kukaa kwa mwanangu miaka michache sasa, na baraza yangu nimehama nayo: dele la kahawa tungu, sahani ya kashata, na watu wanne watano wasiokosa la kusema.

Jumamosi iliyopita kahawa ilipoa vikombeni. Timu ya mtaa, ambayo sote twaichangia, imefungwa mabao mengi msimu huu kuliko ungo unavyovuja maji. Basi imesikika habari kwamba kuna beki mmoja, mtu wa miaka thelathini na miwili, aliyepata kucheza Ligi Kuu, naye yuko tayari kuja. Ataka shilingi laki mbili za kutia sahihi na elfu thelathini kila mwezi. Katika sanduku la timu mna laki mbili na nusu.

Baraza ikagawanyika. Mmoja akasema, "Mleteni hata leo! Nyumba haina mlango, mwangoja nini?" Mwingine akajibu kwamba kutoa fedha zote hizo kwa mtu mmoja ni wazimu. Kisha wakanigeukia. "Mzee, wewe uliyeiona Feisal ikicheza, wasemaje?" Niliwaomba wiki moja nifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri, na naona yanafaa kusomwa hata na walio mbali na Membley, kwani swali hili liko Mombasa, liko Tanga, liko Unguja, na liko Ulaya.

Kwanza nataka kumtetea beki. Kabumbu ni mchezo usio na haki kwa watu wa nyuma. Mshambuliaji akikosa mabao manne na kufunga la tano, hubebwa mabegani. Beki akizuia mabao manne na la tano likampita, hutukanwa mpaka kituo cha matatu. Bao lililofungwa huandikwa gazetini na jina la mwenyewe. Bao lililozuiwa haliandikwi popote. Ndiyo sababu kwa miaka mingi fedha kubwa ziliwaendea wafungaji, na mabeki wakapewa shukrani.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwezi wa Januari 2018 Liverpool ya Uingereza iliilipa Southampton pauni milioni 75 ili impate Virgil van Dijk, kiasi ambacho hakijapata kulipwa kwa beki yeyote kabla ya siku hiyo. Wengi walicheka. Lakini tazama hesabu: katika ligi ya msimu wa 2017-18 Liverpool ilifungwa mabao 38, msimu uliofuata ilifungwa 22 tu. Mwaka 2019 ikatwaa Kombe la Ulaya mjini Madrid, na mwaka 2020 ikatwaa ubingwa wa ligi ilioungoja miaka 30. Wanaosema "mleteni" wana hoja, wala si hoja ndogo.

Ila hadithi ile ina vifungu vitatu ambavyo wapenzi wa mpira huvisahau. Cha kwanza, fedha zile hazikutoka hewani. Mwezi huohuo Liverpool ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona kwa bei kubwa zaidi; yaani aliyenunua alikuwa na chake mkononi. Cha pili, yule beki hakusimama peke yake. Kushoto alikuwako Andrew Robertson, aliyenunuliwa kutoka Hull kwa pauni milioni 8 hivi, na kulia Trent Alexander-Arnold, kijana aliyelelewa na klabu yenyewe. Mwaka huohuo wa 2018 akaletwa na golikipa mpya, Alisson. Cha tatu, mwezi wa Oktoba 2020 Van Dijk aliumia goti, na mapema mwaka 2021 klabu ile ikapoteza mechi sita za ligi mfululizo katika uwanja wake wa nyumbani, jambo ambalo halikuwa limeipata tangu iundwe. Aliyeujenga ukuta kwa nguzo moja na ajue nguzo ile ina goti.

Na wako walionunua kwa fedha zisizokuwa zao. Leeds United, mwezi wa Novemba 2000, ilitoa pauni milioni 18 kumchukua Rio Ferdinand kutoka West Ham. Mwaka 2001 ikafika nusu fainali ya Ulaya, na watu wakapiga makofi. Lakini klabu ilikuwa ikikopa ikitumaini mapato ya mashindano ambayo bado haijafuzu. Mapato yalipokosekana, mwaka 2002 Ferdinand akauzwa Manchester United kwa takriban pauni milioni 30, wenzake nao wakauzwa mmoja mmoja, na mwaka 2004 Leeds ikashuka daraja. Angalieni vizuri: beki alikuwa mzuri, hata waliomnunua walitwaa ubingwa mwaka 2003. Kilichoiua Leeds ni daftari la madeni.

Turudi kwetu. Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, hakuna aliyezungumza habari za mamilioni. Na mnamkumbuka John "Bobby" Ogolla, beki wa Gor Mahia? Washabiki walimwita "Mtu wa Dola Milioni Sita", kwa jina la mchezo wa televisheni kutoka Marekani. Dola zile zilikuwa za mdomoni tu, kwani siku zile wachezaji wetu wengi waliishi kwa kazi za maofisini na viwandani. Hata hivyo Gor Mahia, nahodha wake akiwa Austin Oduor, naye beki, ilitoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, ikatoka sare 1-1 Kasarani mwezi wa Desemba 1987, na kombe la washindi wa Afrika likabaki Nairobi kwa mabao ya ugenini.

Nikisema hivi sina maana kwamba mchezaji asilipwe. Wakati ule umepita, na ulikuwa na dhuluma yake: watu walitoa magoti yao kwa ajili ya taifa, uzeeni wakabaki kusimulia. Mpira leo ni kazi, na mwenye kazi ana ujira wake. Joash Onyango alipotoka Gor Mahia kwenda Simba ya Dar es Salaam mwaka 2020, hakuna mwenye akili aliyemlaumu. Simba ile, katika mechi sita za makundi za Klabu Bingwa Afrika mwaka 2021, ilifungwa mabao mawili tu. Lakini ilipokwenda Johannesburg kucheza na Kaizer Chiefs robo fainali, ilifungwa manne usiku mmoja, na ushindi wa 3-0 nyumbani haukutosha. Timu ileile! Ulinzi ni mnyororo, nao hukatika palipo na pete dhaifu, si palipo na pete ya dhahabu.

Jirani zao Yanga wametuonyesha njia nyingine. Bakari Mwamnyeto walimchukua Coastal Union ya Tanga mwaka 2020. Ibrahim Hamad "Bacca" wakamtoa KMKM ya Zanzibar mwaka 2022. Hawa hawakuja na jina kubwa la ng'ambo. Walitoka katika viwanja vyetu vya mwambao, ambako kila jioni kuna kijana mrefu mwenye kichwa kizuri ambaye hajaonwa na mtu. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Na mwezi wa Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, Harambee Stars chini ya nahodha Abud Omar, beki wa kushoto, ilicheza mechi nne za kundi na Kongo, Angola, Morocco na Zambia, ikafungwa bao moja tu. Ilitolewa robo fainali na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Ukuta ule ulijengwa kwa mazoezi na mpango wa kocha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa beki. Klabu moja, ambayo sitaitaja, ilimchukua Mombasa kwa maneno matamu. Aliahidiwa fedha za sahihi, akapewa nusu. Mshahara alilipwa miezi miwili, kisha akaambiwa avumilie, na akavumilia miezi saba. Alipoumia goti, simu zake hazikupokewa tena. Alirudi nyumbani kwa basi la usiku, viatu vyake vya mpira ndani ya mfuko wa plastiki, na mama yake ndiye aliyemlipia daktari. Sisi tuliolelewa chuoni twajua tulivyofundishwa, kwamba mfanyakazi hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Jasho la kijana yule limekauka miaka mingi.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa ilipositisha udhamini wake nchini, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki zikihangaika kulipa mishahara, na katika miaka ya 2021 na 2022 klabu zote mbili ziliadhibiwa na FIFA, zikazuiwa kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya watu waliokwisha kuzitumikia. Hapa kwetu, Thika United, iliyokuwa ikidhaminiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside ya Ruiru hii hii, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018. Zikiwa klabu za namna hiyo zimeyumba, timu ya michango ya mtaa itasimama kwa nini?

Basi nikachukua kalamu. Laki mbili za sahihi zikitoka, sandukuni hubaki elfu hamsini. Mshahara wa beki ni elfu thelathini kwa mwezi; fedha hizo humaliza mwezi mmoja na siku ishirini. Msimu una miezi tisa, yaani mishahara ya laki mbili na elfu sabini. Michango yetu kwa mwezi haizidi elfu ishirini, nayo huliwa na nauli, marefa na maji. Kwa hiyo, ndugu zangu wa barazani, tukimchukua kwa masharti yale tutakuwa na ukuta kwa wiki saba, na baada ya hapo tutakuwa na mdai. Tena kuna yule kijana wetu wa boda boda achezaye nyuma bila senti moja. Siku atakapojua jirani yake alipwa elfu thelathini na yeye hapewi hata mafuta, je, atarukia mpira ule wa kichwa au atauacha upite?

Shauri langu ni hili. Beki mzuri anastahili kila shilingi, lakini iwe shilingi iliyopo. Tumwambie ukweli: laki mbili za sahihi hatuna. Tumwekee benki elfu ishirini na mbili kwa kila mwezi wa msimu, miezi yote tisa, zikae kwa jina la kazi hiyo na zisiguswe na mtu. Jumla ni laki moja na elfu tisini na nane. Acheze, na pia awafundishe vijana wetu wa nyuma jioni mbili kwa wiki, ili siku akiondoka tusibaki na pengo. Zitakazobaki, elfu hamsini na mbili, zinunue nyavu, mipira, na viatu vya yule wa boda boda. Akikubali, karibu. Akikataa, tusimlaumu, na wala tusikope.

Juzi jioni beki mwenyewe alipita barazani. Mtu mpole, achechemea kidogo. Alipokea kikombe cha kahawa, akasikiliza kila mmoja akimsifu. Kisha akauliza swali moja tu: "Wazee wangu, mwezi wa tatu mtanilipa na nini?"

Mweka hazina akatazama chini. Mimi nikamtolea karatasi yangu ya hesabu, naye akaisoma mara mbili pole pole, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Alisema atatupa jibu Jumapili, siku ya mkutano. Sijui atasema nini. Najua tu kwamba katika maisha yake ya mpira, kama katika ya mtoto wa ndugu yangu, wengi wamemwonyesha fedha za sahihi, na wachache sana wamemwonyesha fedha za mwezi wa tatu.