Jumapili Kisukuma, Jumatatu Kiingereza

Katika kurasa hizi tumeshalumbana mno juu ya vina na mizani, na juu ya nani mwenye haki ya kukiita Kiswahili chake. Leo wapenzi wa ushairi waniwie radhi nitoke nje ya ukumbi wetu, niende Bariadi, mbali na bahari, kwani huko niliona jambo linalotuhusu zaidi kuliko mshororo wenye mizani kumi na tano badala ya kumi na sita.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu yake. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, nchi ya Wasukuma, na mtoto wa kijijini huko hulia, hucheza na huota kwa Kisukuma. Kiswahili hukikuta dukani, redioni na skuli.

Nilifika kijiji kimoja ambako kanisa lina skuli ya msingi. Skuli siitaji wala kanisa silitaji. Zinazofanana nayo ni nyingi, na ugomvi wangu si na mchungaji mmoja. Niliona sare safi, vyoo safi, uji wa saa nne, na walimu wasiokosa kazini. Yote hayo nayasifu bila kinyongo. Kisha nikakaribishwa darasa la tatu. Binti mmoja akasimama, akasoma ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti nzuri, hakukwama hata mara moja. Nikamwuliza kwa Kiswahili: kisa hiki kinamhusu nani? Kimya. Mzee niliyefuatana naye akamwuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama babu na mjukuu wake. Kimya vilevile, mtoto akamtazama mwalimu. Kisa kilikuwa cha mbwa aliyeiba nyama. Mtoto wa wafugaji akose la kusema juu ya mbwa! Nyuma ya darasa alikaa mvulana mwenye kibao cha mti kilichofungwa uzi shingoni. Ndiye aliyekamatwa siku ile akisema Kisukuma uwanjani.

Hiyo ndiyo skuli bora, nikaambiwa. Wazazi huuza pamba, na pamba ikigoma huuza ng'ombe, ili ada ilipwe. Nami nathubutu kusema kuwa nilichokisikia si kusoma. Ni kutoa sauti za herufi, na kasuku angefundishwa angeweza.

Wazazi siwalaumu. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walikuwa wameingia kidato cha kwanza bila ya kujua kusoma na kuandika, na hao walikuwa wamefundishwa kwa Kiswahili. Aliyeyasikia hayo akamkimbizia mwanawe kanisani ana sababu. Tena atakwambia kuwa sekondari ni Kiingereza, na ni kweli: Sera ya Elimu ya 2014 iliahidi Kiswahili ngazi zote, na toleo lake la 2023 likakiachia Kiingereza sekondari kama kilivyokuwa. Lakini hoja hiyo inadai Kiingereza kifundishwe vizuri, kama somo, na mwalimu anayekijua. Haidai mtoto aanze kujua maana ya kusoma katika lugha asiyoielewa. Mimi Kiingereza sikukipata darasani. Nilikipata usiku kwa kamusi na taa ya chemni, nikiwa tayari ni msomaji wa Kiswahili. Ningalikuwa sijui kusoma kwa lugha yangu, kamusi ile ingenifaa nini?

Linaloniuma ni kuwa kanisa, kuliko taasisi nyingi, linalijua jambo hili. Biblia nzima ya Kisukuma ilitoka mwaka 1960, na kazi hiyo haikufanywa na watu walioidharau lugha ya kijiji. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, mapadri walimsomesha Aniceti Kitereza. Walimpa lugha za kigeni, Kilatini kikiwemo, wala hawakumnyang'anya Kikerewe, na kwa Kikerewe akaandika riwaya kubwa aliyoimaliza mwaka 1945. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapishwa 1980, naye akafariki 1981. Sisi watafsiri tunaijua kazi ile ilivyo nzito. Nani atatoka hivyo katika darasa nililoliona mimi?

Nilimwuliza mchungaji ibada ya Jumapili huongozwa kwa lugha gani.

"Kisukuma, mzee wangu, na Kiswahili kidogo."

"Kwa nini si Kiingereza?"

Akacheka. "Watu wangefahamu nini?"

Msomaji wa pwani asijipanguse mikono hapa akasema hayo ni ya bara. Mwaka 2006 sera yetu ya elimu hapa Zanzibar iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na sikumbuki malenga aliyeshika kalamu. Ni Kiunguja chetu kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kikapelekwa hadi Bariadi, nasi tumekaa tukijivunia. Askofu Steere alipiga chapa vitabu vya Kiswahili papa hapa Unguja miaka ya 1870, kwa kuwa alitaka kufahamika. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ilitoka 1969, alikuwa na haja hiyohiyo. Wawili hao wasingekubaliana katika dini. Katika hili walikuwa kitu kimoja.

Basi nawataka wenzangu wa jarida hili waache kwa mwezi mmoja kujibizana, waandike vitabu vya hadithi vya darasa la pili, kwa mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili: sentensi fupi, ng'ombe na pamba ndani yake, na Kisukuma kwenye ukurasa wa mkabala. Malipo siyataki. Kisukuma sikijui, kwa hiyo nahitaji mwenzangu wa Bariadi, na nikimpata nitaanza na yule mbwa. Na kanisa, kabla halijaagiza sanduku jingine la vitabu vya ng'ambo, limvue yule mvulana kibao chake.