Nyimbo huvuka mpaka, tangazo ndilo hukwama

Msanii mdogo wa Kampala akipata nafasi ya kupiga shoo katika ukumbi mdogo wa Bukoba, hofu yake ya kwanza ni lugha. Yeye anaimba Kiluganda. Wale anaotaka waje wanazungumza Kiswahili na Kihaya. Wapo wanaobabaisha kibwagizo cha Kiswahili siku mbili kabla ya safari, na wapo wanaoahirisha kabisa. Kwa maoni yangu, hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Nyimbo huvuka mpaka bila mkalimani. Kinachokwama ni tangazo.

Kuhusu nyimbo, ukanda wetu ulishatoa jibu zamani. Orchestra Maquis ilitoka Congo ikaweka makao Dar es Salaam. Samba Mapangala alipitia Uganda kabla ya kufika Nairobi, alikounda Virunga. Waliimba Kiswahili pia, lakini watu walicheza hata zile za Kilingala ambazo hawakuzielewa. Mwaka 2014 “Sitya Loss” ya Eddy Kenzo ilichezwa mbali sana na Kampala, na watu wasiojua neno moja la Kiluganda.

Sasa tazama tangazo. Bango la Kiingereza linasema saa 8 usiku kwa hesabu ya kizungu. Msanii akituma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili cha kuokoteza, anasema “saa nane usiku”. Mwenyeji wa Bukoba anajua saa hiyo watu wamelala. Akitoka Kigali au Bujumbura kuna mtego mwingine: saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo saa mbili yake ni saa tatu ya Bukoba.

Kiingilio nacho ni hivyo hivyo. Ukiandika “shilingi 10,000” pale Mutukula, ni ya Uganda au ya Tanzania? Pale Busia ni hatari zaidi: elfu kumi ya Uganda ni hela ya chakula cha siku, elfu kumi ya Kenya ni mtaji wa genge. Mtu asiyeelewa bei haulizi, anapita.

Ndugu mfanyabiashara, haya wewe unayajua kuliko msanii yeyote. Mama anayefuata mzigo Kikuubo hasubiri muuzaji ajifunze Kihaya. Ana mwenyeji wake, ana dalali wake, anajua bei kwa fedha zote mbili na anajua ni nani sokoni neno lake linaaminika. Msanii anabandika picha mtandaoni, inaonwa na mashabiki wake walioko Kampala, kisha anashangaa ukumbi ukiwa na watu kumi na wawili. Biashara matangazo, lakini tangazo lazima lifike kwa mteja, na kwa lugha yake.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni yetu. Msanii akupe mabango na tiketi ishirini kwa mali kauli. Wewe uandike kwa Kiswahili kinachosomeka mambo manne tu: nani anapiga, wapi, saa ngapi kwa saa za hapa, na kiingilio kwa fedha za hapa. Moja libaki kwa muuza chipsi, moja kijiwe cha bodaboda, moja stendi. Tiketi ulizouza uchukue fungu mlilokubaliana mapema, ambazo hazikuuzika urudishe. Usifanye bure, maana kazi ya bure haina wa kuiulizia. Na usiku ule gesti, mama lishe na bodaboda wote wanapata. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yuko atakayesema kadongo kamu ni hadithi kwa gitaa, na asiyeelewa maneno hapati kitu. Ni kweli kwamba muziki huo hubebwa na maneno. Lakini hilo nalo lina dawa nyepesi: kabla ya kila wimbo, mtu wa pale asimame aeleze kisa kwa sentensi tatu za Kiswahili. Baada ya hapo gitaa litamalizia.

Serikali zetu nazo zina sehemu yake. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki ana cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa za jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia pia huduma, na muziki ni huduma. Kwa nini basi mwenye gitaa moja na spika mbili, anayerudi kwao kesho kutwa, asiwe na fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ya kuorodhesha vyombo vyake forodhani na kuomba kibali cha shoo ya watu mia? Kwa ukumbi mdogo, gharama ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi inaweza kumeza kiingilio chote.

Fomu hiyo itachukua muda. Mwenyeji hachukui muda. Msanii wa ng'ambo akikuuliza sokoni nani anaweza kumsaidia, usimwelekeze kwa mwingine. Mwulize analeta tiketi ngapi, na fungu lako ni kiasi gani.