MAONI YETU: KURA YAKO IKO WAPI?



Kila mwaka wa uchaguzi wafanyakazi wengi wa Kitale hufanya jambo la ajabu. Mtu amekaa Matisi au Tuwani miaka kumi. Kodi ya nyumba analipa hapo, watoto wake wanasoma hapo, mkewe anauza mboga sokoni hapo. Lakini siku ya kura hupanda matatu, akapita Kiminini na Kamukuywa, akaenda kupiga kura Bungoma kwa baba yake. Akisha kupiga anarudi Kitale kulalamika juu ya mtaro ulioziba na ushuru wa soko. Basi tunamwuliza: unamlalamikia nani? Mwakilishi wa wadi unayolala hukumchagua wala hukumkataa. Na yule uliyemchagua Bungoma hana neno katika mambo ya Kitale, kwa kuwa Kitale ni ya kaunti ya Trans Nzoia.

Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Sisi wenyewe tumo. Tarehe 9 Agosti 2022 wenzetu kadhaa walikuwa kazini zamu, na wengine nauli iliwashinda. Majina yao yalikuwa katika daftari la nyumbani, na sheria haimruhusu mtu kupiga kura ila katika kituo alichoandikishwa. Kura zao zilipotea bure. Katika Kenya nzima mwaka huo, katika kila watu 100 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa kama 65 tu.

Wako wanaosema kwamba kura ya wadi ni kura ndogo, kubwa ni ya Rais. Maneno hayo yalikuwa na sababu zamani. Baada ya sheria ya mwaka 1969, mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, na diwani akabaki na kazi kidogo na fedha kidogo. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imegeuza mambo. Mabaraza yale yalikwisha, na tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 tunachagua Bunge la Kaunti. Bungoma ina wadi 45, Trans Nzoia ina wadi 25. Zahanati, masoko, barabara za kaunti, shule za chekechea, maji na takataka ni mambo ya kaunti. Gavana hawezi kutumia fedha za kaunti bila Bunge hilo kupitisha bajeti, na ushuru wa soko, leseni ya duka na ada ya kuegesha magari hupitishwa humo humo. Kwa hiyo mwakilishi wadi anapoinua mkono, anaugusa mfuko wa mfanyakazi. Je, hiyo ni kura ndogo?

Sasa tutazame namna mtu anavyofika katika karatasi ya kura. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuteuliwa na chama cha siasa. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, mara nyingi mambo huamuliwa katika mchujo wa chama, miezi kabla ya siku yenyewe. Sisi watu wa reli tunajua kwamba treni haibadilishi njia ikisha kuingia stesheni. Hubadilishiwa huko nyuma, mahali reli zinapogawanyika. Mfanyakazi asiyejali mchujo anangoja stesheni treni ambayo wengine wamekwisha kuigeuza.

Njia ya pili ni kusimama bila chama. Mgombea wa namna hiyo hutakiwa aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi ile, naye asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa katika miezi 3 kabla ya uchaguzi. Watu 500 si wengi kwa wadi yenye wafanyakazi wengi, lakini lazima wawe wameandikishwa hapo hapo. Wenzetu walio watumishi wa umma wakumbuke pia kwamba sheria huwataka wajiuzulu miezi 6 kabla ya uchaguzi kama wanataka kugombea. Jambo hilo si la kuamua usiku mmoja.

Kuhusu kampeni, kila mtu ameziona. Msafara wa bodaboda, fulana, leso, na jioni mtu anapita nyumba kwa nyumba na noti za mia mbili. Kutoa hongo ya kura ni kosa, na kuipokea ni kosa pia. Hata tukiacha sheria, tufanye hesabu tu. Shilingi 200 kwa miaka 5 ni shilingi 40 kwa mwaka. Hakuna mwanachama wetu ambaye angekubali mshahara huo. Mgombea akija, tumwulize mambo matatu: atafanya nini juu ya ushuru wa soko, zahanati ya wadi itapata dawa kwa njia gani, na atarudi lini kutueleza alivyopiga kura katika bajeti. Akijibu kwa wimbo, tumemjua.

Wengine watasema: nyumbani ni nyumbani, shamba liko huko, na makaburi ya wazee yako huko. Ni kweli, wala hatumlazimishi mtu. Kama mke na watoto wako Musikoma au Khalaba, nawe Kitale una kitanda tu, kura yako ibaki Bungoma, maana zahanati yenu ni ya huko. Lakini omba ruhusa mapema na uweke nauli mapema. Na kama maisha yako yote yako Kitale, peleka kura yako mahali maisha yako yalipo.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza, kura ilitolewa kwa kipimo cha elimu, mapato na mali. Mmoja aliweza kupata kura tatu, na jirani yake asipate hata moja. Mwaka huo Masinde Muliro alishinda kiti cha North Nyanza, na kibarua asiye na shule wala mali alitazama tu. Leo kibarua na meneja wana kura sawasawa. Itakuwa aibu tukiitupa njiani.

Kwa kufuata Katiba, uchaguzi mkuu unaofuata ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Daftari hufungwa kabla ya siku hiyo, kwa hiyo asiyeandikishwa aende, na anayetaka kuhamisha kura asingoje. Wasimamizi wa matawi tunawaomba waandike orodha ya watakaokuwa zamu siku hiyo, wazungumze na wakubwa wa kazi mapema, ili kila mmoja apate saa yake ya kwenda kituoni.

Chama hiki hakimpigii debe mgombea yeyote. Tunaloomba ni moja: mwanachama akiulizwa kura yake iko wapi, awe na jibu.